Namba za Alhamisi

Göteborg, 3 Septemba 1973

Irja,

Usishtuke. Ni mimi, Hilkka wa kwa Tauno Nevalainen, yule uliyekaa naye dawati moja miaka sita na ambaye hajakutumia hata kadi tangu atoke Finland ahamie Sweden. Najua. Nitukane kwanza, halafu endelea kusoma.

Mama ameniandikia kuwa umerudi Kuikkavaara, kwamba sasa ndiwe nesi wa kijiji, na kwamba mkoa mzima umeingiwa na wazimu wa kupimana presha. Barua za Mama unazijua: ng'ombe, theluji, ng'ombe, nani kafa. Safari hii aliyekufa ni baba mdogo Arvi, miaka arobaini na saba. Kabla yake alikuwa baba mkubwa Väinö, kaanguka shambani na uma wa majani makavu mkononi, arobaini na tatu. Baba sasa ana arobaini na tisa. Hesabu hiyo hainitoki kichwani. Hapa kiwandani nashona viti vya magari, na kila mshono ninaouanza nawaza kwamba telegramu itafika kabla sijaumaliza.

Unajua yaliyotokea. Mtoto ni mimi peke yangu, na mimi ndiye niliyetakiwa kuachiwa zizi. Siku nilipobeba sanduku alisimama barazani akasema, "Anayekwenda Sweden asije kuniuliza hali." Ameshika neno lake miaka mitano, na mimi nimeshika langu. Tumefanana, ndiyo balaa lenyewe.

Nakuomba kitu kimoja. Mpime, mwangalie, uniandikie namba. Na usimwambie kuwa nimeuliza mimi, maana akijua atakufa makusudi ili anikomoe.

Wako, pamoja na aibu zangu,
Hilkka

*

Kuikkavaara, 20 Septemba 1973

Hilkka usiye na haya,

Nimekutukana njia nzima kutoka posta hadi nyumbani, kwa hiyo hilo tumelimaliza.

Baba yako nilikuwa nimeshampima kabla barua yako haijafika. Niliweka meza kwenye kituo cha maziwa, pale ambapo hakuna mwanamume anayeweza kupita bila kusimama. Akashusha makopo yake, akaniangalia.

"Kaa, Mzee Tauno. Kunja mkono wa shati."

"We mtoto wa Tolvanen, nimekubeba mabegani ukinilowesha shingo, leo unaniamuru nivue nguo?"

"Mkono tu."

198 kwa 116. Sikuamini, nikapima tena. Hilkka, mtu mwenye namba hiyo alikuwa amesimama mbele yangu akitafuna mkate, anajiona mzima kama fahali. Nikamweleza yote. Kwamba presha haiumi, ndiyo maana inaua. Kwamba vidonge ni kila asubuhi, hata siku anayojisikia vizuri, hasa siku hiyo. Kwamba nyama ya nguruwe ya chumvi ipungue, siagi iondoke mezani, na maziwa anywe yaliyotolewa malai.

"Yaliyotolewa malai tunawapa nguruwe," akasema.

"Na nguruwe umewahi kumpima presha?"

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo. Nikamuuliza kama ameelewa. Akasema ndiyo. Mama yako ndiye aliyelia, kwa ajili ya siagi. "Sasa nimlishe nini, nyasi?"

Nimeifanya Alhamisi kuwa siku ya Kuikkavaara; siku nyingine nazunguka vijiji vya jirani na kulala huko. Nikishuka kwenye basi nakuta kijiji kizima kinafuka moshi wa sauna, kila kibanda cha kuogea mvuke kimewashwa, utadhani ni Jumamosi ya kuoga. Wananingojea barazani, nywele zimechanwa, mashati safi, mashavu mekundu. Leo kwa baba yako ilikuwa 156 kwa 94. Naandika kwenye daftari la kazi, kisha kwenye kikaratasi chako, natia mfukoni. Siri yako imekaa salama.

Irja

*

Göteborg, 10 Oktoba 1973

Irja, nesi wangu mpendwa,

Kutoka 198 hadi 156! Nimekibandika kikaratasi chako juu ya cherehani. Msimamizi akaniuliza kama ni namba za bahati nasibu.

Lakini situlii. Nikiwa kazini nataka kurudi chumbani, nikiwa chumbani navaa koti na kutoka tena. Nimeamua jambo. Kama Baba bado yuko hatarini nitakuja Krismasi, hata akinifungia mlango. Nitakaa zizini na ng'ombe mpaka achoke. Mama hajui, na usimwambie. Nikipata namba zako za Novemba ndipo nitakata tiketi ya meli, au nisikate.

Halafu nina swali la pembeni. Kuna mwenzangu wa chumbani, msichana wa Kifini pia, kichwa kinamuuma kisogoni kila akiamka. Nesi wa kiwanda alimpima akasema 160 na kitu, arudi tena wiki ijayo. Hakurudi. Anasema ana miaka ishirini na minane tu, hayo ni magonjwa ya wazee. Nimwambieje?

Hilkka

*

Kuikkavaara, 22 Novemba 1973

Shoga,

Kaa chini kwanza. 138 kwa 84!

Na si leo tu. Alhamisi tatu mfululizo, 142, 140, 138. Nilipomsomea baba yako alitabasamu, Hilkka, yule mwanamume alitabasamu hadi nikaona jino lake la dhahabu ambalo sikujua analo. Akauliza, "Ni nzuri hiyo? Hata mtu wa mbali angesema ni nzuri?" Nikamwambia hata daktari wa mjini angesema ni nzuri. Na kweli kasema. Nilimpelekea daftari, akaangalia kijiji changu chote, nyumba baada ya nyumba, namba zimeshuka kama mawe kisimani. Akaniambia hajaona kitu kama hicho mkoani. Nilirudi na basi nikiwa nimesimama ingawa viti vilikuwepo, sikuweza kukaa kwa furaha.

Tumekubaliana vidonge vya baba yako vikatwe nusu. Pendekezo lilikuwa langu. Siagi ameacha kabisa, mama yako ameniapia.

Kwa hiyo acha kujitesa. Njoo ukitaka kuja, lakini usije kwa hofu.

Huyo mwenzako wa chumbani mwambie presha haiulizi umri. Arudi akapimwe, akae robo saa kwanza, asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa. Na aache ujinga.

Irja mwenye kichwa kikubwa

*

Göteborg, 5 Desemba 1973

Irja,

Nimelia kwenye choo cha kiwanda kama mtoto. Nimelala usingizi wa saa tisa kwa mara ya kwanza tangu Arvi afe.

Siji Krismasi. Wanatafuta watu wa kufanya kazi sikukuu, nimejiandikisha. Ningekuja ningeharibu tu, yeye yuko vizuri, tungegombana, presha ingepanda. Nitakuja katikati ya kiangazi, nikiwa nimejiandaa maneno.

Kahawa iliyo kwenye kifurushi hiki ni yako. Umeniokoa.

Hilkka

*

Kuikkavaara, 13 Desemba 1973

Hilkka,

Kahawa yako imefika jana jioni. Sijaifungua, sistahili.

Nakuandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la dawa, maana nikikaa nainuka. Nisikilize mpaka mwisho.

Jana, Jumatano, daktari wa mifugo alikuwa anakwenda Kuikkavaara nikadandia gari lake. Nilifika kwenu bila kutarajiwa. Baba yako alikuwa zizini, kavaa buti, samadi mpaka magotini.

"Leo si Alhamisi," akasema, kana kwamba nimemfumania.

"Nitapima mara moja, niondoke."

"Basi ngoja mke wangu Lempi awashe sauna."

"Sauna ya nini?"

"Ya nini! Nesi anakuja, mtu asioge? Au unataka kushika mkono unaonuka ng'ombe?"

Nikacheka. Nilicheka, Hilkka. Hata kwetu ilikuwa hivyo, daktari akija Mama alituingiza sote kwenye mvuke kwanza, ingekuwa aibu vinginevyo. Nikamwambia leo aniwie radhi, nikamkalisha kwenye kigoda cha kukamulia, tukanyamaza robo saa nzima, ng'ombe wanacheua. Nikapima.

212 kwa 124.

Nikapima mkono wa pili. 210 kwa 124.

Mvuke hutanua mishipa. Mtu akitoka sauna presha hushuka, kisha hurudi pale pale. Hilo nilifundishwa chuoni, nikalifanyia mtihani, nikapata alama zote. Kisha kwa miezi mitatu nikashuka kwenye basi kila Alhamisi, nikauona moshi kwenye kila paa la sauna, nikadhani wananipenda. Mgeni angeuliza siku ya kwanza. Mimi nimezaliwa hapa, sikuona cha kuuliza.

Namba zote nilizokutumia hazikuwa za kweli. Na vidonge nilivikata mimi.

Nilitaka apande gari aende hospitali palepale. Akasema ng'ombe wake Mansikki anakaribia kuzaa, baada ya hapo. Nimebembeleza, nimefoka, mama yako amelia. Akaniambia, "Miaka arobaini na tisa nimeishi na damu hii, itanisubiri wiki moja." Daktari amekubali kwa simu arudie vidonge kamili, naye ameanza leo. Leo nimepita nyumba sita nyingine na kuwakataza kuoga kwanza. Katika sita, nne ziko juu.

Kata tiketi. Njoo Krismasi. Sasa nakuambia njoo kwa hofu.

Irja

*

Ndani ya meli, 20 Desemba 1973

Irja,

Barua yako na telegramu ya Mama zimefika siku moja. Ya kwako ilikwama posta siku kadhaa chini ya kadi za Krismasi.

BABA KIHARUSI JANA ZIZINI YUKO HAI NJOO.

Nilikuwa na tiketi kichwani tangu Oktoba. Wewe ndiye uliyeniambia nisije. "Acha kujitesa." Nilikuamini kwa sababu ya namba, Irja, namba zimebandikwa juu ya cherehani yangu.

Usinipokee kituoni. Usije hospitali nikiwa pale. Ukiniona, nipite.

H.

*

Kuikkavaara, 14 Februari 1974

Hilkka,

Nilikupita kama ulivyosema. Pale korido ya hospitali, siku ya Krismasi, nilikuwa nimeshika mkate wa mama yako mkononi na nikakupita. Sasa umerudi kiwandani na mimi nakuandikia, ukitaka ichome.

Sikuombi unisamehe leo. Nakuletea habari.

Baba yako amerudi nyumbani wiki tatu zilizopita. Usemi umerudi, anauburuta kidogo. Mguu unamtii kwa fimbo. Mkono wa kulia umekufa. Majirani wanakamua kwa zamu. Ndama wa Mansikki mzima, jike.

Niliandika barua ya kuacha kazi. Nilikwenda kumuaga kwanza yeye, niliona ni haki yake. Akaomba aione, nikampa. Akaipa mama yako, akamwambia aitie kwenye jiko, na mama yako akaitia motoni mbele ya macho yangu.

"Ukiondoka wewe," akasema, "wataleta nesi wa mjini. Nani atamfundisha huyo habari za sauna?"

"Nilikuuliza kama umeelewa, Mzee Tauno. Ulisema ndiyo."

"Sasa mtu akiulizwa kama ameelewa atajibu nini? Aseme yeye ni mjinga? Usiniulize kama nimeelewa. Niambie nikuelezee mimi."

Tangu siku hiyo ndivyo ninavyofanya kazi. Simwachi mtu mpaka anirudishie kwa maneno yake mwenyewe vidonge anameza lini, alifanya nini asubuhi kabla sijafika, ataniambia nini akisahau. Ni kazi ya kuchosha na inanitia aibu, maana nagundua jinsi nilivyokuwa nahubiri tu. Mmoja alikuwa anameza vidonge Alhamisi pekee, kwa heshima yangu. Siingii tena kwa siku maalumu. Na bado silali vizuri.

Jambo la mwisho, nalisema hata ukinichukia zaidi. Nilikuona ukipanda ngazi za hospitali. Ulisimama katikati umeshika ukuta, mkono mwingine kisogoni, uso mwekundu. Nikamuuliza mama yako habari za mwenzako wa chumbani. Akaniambia chumba chako kina kitanda kimoja na hujawahi kuishi na mtu. Baba yako alikuwepo, akasikia.

Irja

*

Kuikkavaara, 10 Machi 1974

Hilkka.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zinatembea kama kuku, vumilia. Siku nne nimeandika hii.

Ulipokuja hospitali sikuweza kusema. Ulikaa ukanishika mkono, ukashika ule uliokufa, sikuhisi kitu. Niliona tu kwa macho kwamba umeshikwa. Nimekuwa nikiliwaza hilo sana.

Usimlaumu mtoto wa Tolvanen. Nitakuambia jambo ambalo yeye halijui, na sasa mwambie.

Nilijua tangu mwanzo. Kila akinipima anaandika mara mbili. Mara moja kwenye daftari, mara moja kwenye kikaratasi anachotia mfukoni. Nani mwingine wa kuandikiwa? Nilisema usije kuniuliza hali. Ukamtuma nesi aniulize. Nikafurahi. Nasema wazi kwa kuwa sasa nimejua mtu anaweza kuamka hana ulimi. Nilifurahi.

Alhamisi ya kwanza nilioga kwa adabu tu, kama watu wote. Nikaona namba imeshuka. Alhamisi iliyofuata nikakaa mvukeni zaidi, ikashuka zaidi. Sikujua ni kwa nini, lakini nimefuga ng'ombe maisha yangu yote, kitu kikifuata kingine mara tatu nakiona. Basi kila Alhamisi nikakaa mpaka kichwa kinazunguka, Lempi anagonga mlango anadhani nimefia ndani. Nilitaka upate namba nzuri. Zile ndizo zilikuwa barua zangu kwako. Sikuwa na nyingine.

Mtoto wa Tolvanen hakunidanganya, mimi ndiye niliyemdanganya yeye. Nilitaka usihangaike. Ukaacha kuhangaika, ukaacha kuja. Nilimsikia Lempi akisoma barua yako kwamba unafanya kazi sikukuu. Nilikwenda zizini nikakaa na Mansikki.

Sasa wewe. Kichwa kinachokuuma kisogoni nakijua, ni cha Väinö na cha Arvi na changu. Ni urithi wetu wa kwa Nevalainen, zizi ulilikataa ila hicho huwezi. Nenda kapimwe. Nimefundishwa, nakufundisha. Kaa robo saa. Usiongee. Mkono uwe mezani. Kahawa baadaye. Wakikupa vidonge umeze kila siku, na siku ukiwa mzima umeze pia.

Usinitumie namba nzuri, nitumie ya kweli.

Usiniambie umeelewa. Nirudishie kwa maneno yako.

Baba yako
Tauno Nevalainen

*

Göteborg, 25 Machi 1974

Baba,

Barua yako nimemsomea Irja kwenye simu ya posta, yote, mpaka sarafu zikaisha. Alikuwa analia na mimi nilikuwa nalia na foleni nyuma yangu wakadhani kuna msiba.

Nakurudishia kwa maneno yangu. Presha haiumi mpaka siku inapokuangusha. Kidonge ni cha kila siku, si cha siku ya wageni. Mtu asijipambe kabla ya kupimwa. Na anayetaka kujua hali ya baba yake aje amuulize mwenyewe.

Leo nilitoka mashineni moja kwa moja. Nilikaa robo saa kwa nesi wa kiwanda, kimya, mkono mezani. Sikuwa nimeoga. Nilikuwa nanuka mafuta ya cherehani na aibu ilinijaa.

168 kwa 106.

Ni ya kweli. Nimeanza vidonge jioni hii, na nimeomba likizo wakanipa. Nafika kwa basi la Alhamisi kabla ya Pasaka. Usiwashe sauna mpaka tumepimana.

Hilkka